Programu ya kikoba cha mama, na somo la mita ya LUKU

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Moshi, Kiboriloni. Mama yangu ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama 26, na kila Desemba wakati wa kugawana, daftari linaleta ugomvi. Nimejifunza Python kidogo mwenyewe, nataka nimwandikie programu. Laptopu yangu ni ya mtumba: Core i5 kizazi cha tatu, RAM GB 4, Windows 10. Fundi anasema haipokei Windows 11. Nibaki hapo, nimwambie anipigie Windows 11 ya kulazimisha, au niweke Linux, ule mfumo endeshi wa bure? Halafu rafiki yangu wa chuo anasema siku hizi kila kitu kinawekwa mtandaoni, na programu ya kukaa kwenye mashine moja ni ya kizamani. Yuko sahihi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na mpe mama salamu zangu. Kushika hazina ya wanawake 26 si kazi ndogo.

Mimi mshahara wangu unatoka kwenye uhasibu, hapa Arusha. Programu naziandika usiku nyumbani, watoto wakishalala, kwa sababu nazipenda. Sina ninachokuuzia katika haya nitakayosema. Nitamaliza la laptopu haraka, maana ni jepesi, ili tupate nafasi ya kutosha kwa hilo la rafiki yako. Hapo ndipo mimi mwenyewe niliumia.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Itaendelea kuwaka vizuri tu, lakini kila tundu jipya litakalogunduliwa ndani yake litabaki wazi. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda juu. Yako ni ya mwaka 2012 hivi. Njia za kuilazimisha zipo na mafundi wanazijua, ila kwa GB 4 mashine itakuwa inahema kabla hujafungua programu hata moja. Na kama atakayokupigia ni ya kraki, jiulize aliyeivunja na kuigawa bure anapata nini. Mashine itakayobeba majina, namba za simu na madeni ya watu, mimi nisingeiweka mikononi mwa mtu nisiyemjua.

Weka Linux Mint, toleo lake jepesi liitwalo Xfce. Inaweza kufanya kazi kwa RAM ya GB 2, na GB 4 ndizo zinazopendekezwa, kwa hiyo wewe umo. Kama bando ni tatizo, nakili faili la usakinishaji kutoka kwa mwenzako. Huvunji sheria yoyote, leseni yenyewe inaruhusu. Linganisha tu alama ya SHA-256 ya faili hilo na ile waliyoichapisha watengenezaji, ujue halijachezewa njiani. Liandike kwenye flashi, washa mashine kwa flashi hiyo, uitumie siku moja mbili bila kugusa diski. Angalia Wi-Fi, sauti na printa. Printa ndiyo husumbua. Siku ukipata hela kidogo, toa diski ya kuzunguka uweke SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Kwa mashine ya umri huo hakuna kitu kitakachoongeza kasi kama hicho.

Wala usiione Linux kama kitu cha wageni. Linus Torvalds aliitangaza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki, na leo kiini chake ndicho kinachoendesha kila simu ya Android, pamoja na hiyo uliyonayo mfukoni. Windows pia siichukii. Ina sifa moja ninayoiheshimu sana: programu iliyoandikwa miaka 20 iliyopita mara nyingi bado inafunguka. Torvalds naye amewakazia wenzake miaka yote kwamba badiliko la kiini lisivunje programu ya mtumiaji. Mfumo endeshi mzuri kwangu ni huo unaojua kwamba juu yake kuna kazi ya mtu mwingine, na kazi hiyo haipaswi kuporomoka kwa sababu wewe umebadili mawazo.

Sasa nije kwa rafiki yako.

Mwaka 2023 niliandika programu kwa ajili ya kikundi cha kusaidiana hapa Arusha, watu kama 40. Niliiweka mtandaoni yote, data ikiwa kwenye seva ya Ulaya, kwa sababu nami niliamini hivyo ndivyo mambo yanavyofanywa. Mweka hazina alifungua kwenye simu, akaingiza michango, kila mtu akafurahi. Ikaja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuunganisha na dunia zilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikayumba. Sisi tulikuwa tumekaa chini ya mparachichi, kikao kimefunguliwa. Mama mmoja aliomba mkopo wa dharura, mtoto wake alikuwa amelazwa. Kanuni ya kikundi inasema huwezi kukopeshwa zaidi ya mara tatu ya akiba yako. Akiba yake ilikuwa kiasi gani? Hakuna aliyejua. Mweka hazina alikuwa na simu mkononi, duara linazunguka tu. Watu walichanga kutoka mifukoni mwao, yule mama akaondoka, na Jumapili iliyofuata nikakuta wamerudi kwenye daftari. Sikuwalaumu. Nilikuwa nimechukua hesabu za watu waliokaa hatua kumi kutoka kwenye sanduku lao la fedha, nikazipeleka ng'ambo ya bahari, kisha nikawafanya waziombe zirudi kila wanapozihitaji.

Utasikia watu wakisema dawa ni kuimarisha mtandao wa ndani. Ni kweli kwa sehemu. Dar es Salaam kuna TIX na hapa Arusha kuna AIXP, vituo ambako kampuni za intaneti hubadilishana data za ndani bila kuzizungusha nje ya nchi. Ni vituo muhimu mno na watu wachache wanajua vipo. Lakini haviwezi kukusaidia kama kitu unachokitafuta chenyewe kinakaa Ulaya.

Jioni ya Jumapili ile ya Mei, nikiwa na hasira, umeme ukakatika kwa kuwa uniti zilikuwa zimeisha. Nikatoka kwenda kwa wakala, nikanunua, nikarudi na namba 20, nikabonyeza kwenye mita, taa zikawaka. Nikasimama pale mbele ya mita nikiitazama upya. Intaneti ilikuwa mahututi, nayo mita yangu ilikuwa imepokea malipo yangu, ikayahakiki, ikanihudumia, bila kumuuliza mtu yeyote.

Nenda kaisome habari ya mita hiyo kwa makini, maana imesanifiwa vizuri kuliko programu nyingi tunazozisifia. Inafuata utaratibu uitwao STS, uliozaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mita ya kawaida ya LUKU haina laini wala intaneti. Ina ufunguo wake wa siri, na mfumo wa mauzo unaujua ufunguo huo. Ukilipa, mfumo unachukua kiasi cha uniti na dakika uliyonunua, unavifungasha kwa usimbaji, na kinachotoka ni tarakimu 20. Mita inavifungua kwa ufunguo ule ule. Tokeni ya jirani haiingii kwako kwa sababu ufunguo ni tofauti. Tokeni yako mwenyewe ukiirudia inakataliwa, kwa sababu mita inakumbuka ilizokwisha kupokea. Tarakimu hizo zinaweza kuja kwa SMS, kwa risiti, au mtu akusomee kwa simu huku wewe ukiandika kwenye kiganja. Njia yoyote inayobeba tarakimu 20 inatosha.

Na ina kosa moja ambalo nalipenda kuliko mazuri yake yote. Ile dakika ya ununuzi inahesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993 na imetengewa biti 24. Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216 tu. Zigawanye kwa 1,440, utapata siku 11,650 na ushei, na hesabu inakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Bila shaka unakumbuka mwaka ule watu waliponunua umeme wakapewa mistari mitatu ya tarakimu 20 badala ya mmoja, wakaambiwa waingize yote kwa mpangilio. Mistari miwili ya kwanza ilikuwa inabadilisha ufunguo wa mita na kusogeza mwanzo wa hesabu hadi mwaka 2014, hivyo sasa tuna nafasi hadi 2045. Mitaani ilisemwa ni usumbufu. Mimi niliona jambo jingine: waliosanifu kitu kile walijua hesabu ingekwisha siku moja, wakaacha mlango wa kurekebisha, na mlango huo ni vile vile vitufe ambavyo bibi wa kijijini anavibonyeza kila mwezi. Hakuna fundi aliyelazimika kupanda kila kilima cha Uru na Marangu kubadilisha mita.

Ndiyo maana nakuambia rafiki yako hajakosea kuupenda mtandao; amekosea mahali anapouweka. Kwenye kikoba cha mama, mtandao uwe barabara, usiwe ghala. Hesabu zikae pale lilipo sanduku. Mtandao ukiwepo, ubebe nakala, utume SMS za kukumbusha marejesho, umpelekee ripoti mwanachama aliyehamia Dar. Usipokuwepo, kikao kiendelee kama kawaida. Laiti wanachama wangekuwa wametawanyika mikoa mitano na wanalipa kwa simu, ningekupa jibu lingine. Lakini wanakaa pamoja kila wiki.

Kwa ghala lenyewe tumia SQLite. Ni hifadhidata isiyo na seva: kila kitu kinakaa ndani ya faili moja unaloweza kulinakili kwenye flashi. Asili yake inafanana mno na ile Jumapili yangu. Richard Hipp alikuwa anaandika programu ya kusaidia kudhibiti uharibifu ndani ya meli ya kivita ya Marekani, na programu hiyo ilitegemea seva ya data. Seva ilipokuwa haipatikani, programu nayo ilikwama, ingawa haikuwa na kosa. Akajiuliza kwa nini programu isisome data yake moja kwa moja kutoka kwenye diski. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2000, na leo limo ndani ya kila Android na kila iPhone. Ni mali ya umma, hudaiwi leseni, na watengenezaji wamesema wanakusudia kulitunza hadi mwaka 2050. Python inakuja nalo ndani tangu 2006, na Mint inakuja na Python. Maana yake siku ya kwanza unaweza kuanza kuandika bila kuunga bando.

Rafiki yako akikuletea maktaba mia mbili za kupakua, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na watu wengine, kuwa mgumu. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa mtandaoni kipande chake cha msimbo kiitwacho left-pad, mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi mbele ya neno. Maelfu ya programu duniani zikashindwa kujengwa siku hiyo, kwa sababu zilikitegemea, nyingi bila wenyewe kujua. Mistari 11 ungeiandika mwenyewe ukisubiri chai ichemke.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, na betri ya laptopu ya mtumba mara nyingi imeshakufa, SQLite inahakikisha muamala umeingia wote au haukuingia kabisa. Mkopo hauwezi kutoka kwenye sanduku bila kuonekana kwenye deni la mtu. Ila ni lazima uziweke hatua zote mbili ndani ya muamala mmoja, na hilo liko juu yako.

Hapa naingia kwenye kazi yangu ya mchana, na nakuomba unisikilize vizuri kuliko mahali pengine pote. Mhasibu hafuti. Akikosea anaandika ingizo jingine la kusahihisha, na kosa linabaki linaonekana. Tengeneza jedwali moja la miamala: tarehe, namba ya mwanachama, aina (hisa, mkopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii), kiasi, na aliyeandika. Usiweke kitufe cha kufuta. Tena usihifadhi salio mahali popote; lihesabu upya kila unapoulizwa kwa kujumlisha miamala. Wanachama 26, kikao kila wiki, tuseme maingizo matano kwa kila mmoja: ni 6,760 kwa mwaka. Mashine yako itayajumlisha kabla hujapepesa jicho. Salio lililohifadhiwa pembeni siku moja litapishana na miamala, na siku hiyo hutajua lipi ni la kweli. Nadhani ugomvi wenu wa Desemba unaanzia hapo hapo: daftari lina safu ya salio, mtu alijumlisha vibaya mwezi wa nne, na miezi minane imejengwa juu ya kosa hilo.

Shilingi ziandike kwa namba kamili, usitumie desimali hata kidogo. Iambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2 uone inachojibu: 0.30000000000000004. Si ugonjwa wa Python, ndivyo kompyuta inavyohifadhi desimali, na hakuna mama wa Kiboriloni anayepaswa kuathirika kwa hilo.

Kisha fikiria siku ya kugawana. Tuseme mna hisa 2,340 za Sh 5,000, yaani Sh 11,700,000, na faida ya mikopo na faini ni Sh 2,300,000. Sandukuni kuna Sh 14,000,000. Gawanya: kila hisa ni Sh 5,982 na senti kadhaa. Programu ikikata senti, zitabaki Sh 2,120 zisizo na mwenyewe. Ikipandisha hadi 5,983, utahitaji Sh 14,000,220, na mama wa mwisho kwenye foleni atakuta sanduku limepungua Sh 220. Kiasi ni kidogo, lakini kwenye kikoba Sh 220 iliyopungua inamfanya mtu amtazame mweka hazina kwa jicho jingine, na mweka hazina ni mama yako.

Namba za simu zihifadhi kama maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea. Usiifanye namba ya simu kuwa utambulisho wa mtu. Watu hubadili laini, na kuna mabinti wanaochangia simu moja na mama zao. Mpe kila mwanachama namba yake ya kikundi. Wala usilazimishe majina mawili kama anajulikana kwa Mama Neema na daftarini ndivyo alivyo. Lugha iwe Kiswahili cha kikao chao. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, wakaonyesha kwamba programu kubwa ya ofisi inaweza kusema Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Wewe una skrini sita au saba tu. Kama wao husema "kutoa sauti ya jamii" wakimaanisha mchango wa mfuko, kitufe kiandikwe hivyo.

Kuhusu usalama, mnalo tayari sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Fuata utaratibu huo huo. Kila kikao kikiisha, nakili faili kwenye flashi tatu: ya mweka hazina, ya katibu, ya mwenyekiti. Mtu mmoja akibadili hesabu nyumbani kwake, mbili zilizobaki zitamuumbua. Kumbuka pia kwamba madeni na simu za watu ni taarifa binafsi, na tangu mwaka 2022 nchi ina sheria inayozilinda. Flashi hizo zifungwe kwa nenosiri, na wewe mwenyewe, ukishakabidhi programu, usibaki na nakala ya data halisi. Jipimie kwa majina ya kubuni.

Usiandike mstari hata mmoja wiki hii. Kaa nyuma ya mama kwenye vikao viwili, na kalamu, uandike kila swali wanalomuuliza na kila jambo analolitafuta daftarini. Hayo ndiyo yatakuwa skrini zako. Ukianza kuitumia, daftari liendelee sambamba kwa miezi mitatu, na kila mwisho wa kikao mlinganishe. Na ukifika kwenye zile Sh 2,120 usiamue wewe, wala usiniulize mimi. Ipeleke hoja kikaoni, waamue ziende wapi, uandike uamuzi wao ndani ya programu kwa maneno yao.